Neno Walilokuzika Nalo

Iddi, ndugu yangu,

Nakuandikia nikiwa Chamwino, nimekaa juu ya kifusi cha kisima ambacho wewe hukukijua. Leo ni Jumapili. Wenzangu wamekwenda mnadani kula nyama, mimi nimebaki kulinda vifaa. Barua ya kwenda kwa marehemu sijui hupitia wapi. Niliacha shule darasa la sita, na barua nilizowahi kuandika maishani ni zile za kumwomba mama kule Kasulu anivumilie, kwamba mwaka huu tena siji. Hii ni ngumu kuliko zile. Lakini majuzi nimesema jambo juu yako mbele ya watu, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine kabla sijakueleza mimi.

Nianzie pale ulipoishia, maana ya baada ya pale huyajui.

Walikuzika na neno moja. Nasema hivyo kwa sababu kila mahali tulipopita na mwili wako nililikuta limeshatutangulia. Mwenyekiti wa kijiji pale Haneti alipofika kisimani, kabla hajauliza chochote, bosi wetu Fundi Mathayo alimwambia, "Ni kadari ya Mungu, mwenyekiti." Mwenyekiti akavua kofia, akasema, "Kweli, kadari," na maswali yake yote yakaishia hapo. Mganga wa zahanati aliandika alichoandika, akatupa pole, akasema siku ya mtu ikifika imefika. Dereva wa Noah iliyotupeleka Kondoa alisema, "Ajali kazini hiyo, wakubwa," akapunguza muziki. Na kule kwenu milimani, shangazi zako, majirani, wazee wa msikitini, wote, Iddi. Wote. Kadari. Hata mimi Mkristo, nimeshika koleo nakufukia, mtu nisiyemjua alinipiga begani akasema, "Jikaze kijana, ni kadari."

Nilitaka kumuuliza mtu mmoja tu, yeyote: na pampu je?

Ajabu ni kwamba neno hili ulinifundisha wewe. Kabla ya kukaa na wewe nililisikia tu kwenye redio na kwenye taarabu, sikuwa na habari nalo. Kwetu sisi Waha tunasema Imana, na Imana ni Mungu, lakini pia ni ile bahati ya mtu. Bibi yangu alikuwa akinusurika jambo, labda nyoka amempita mguuni shambani, anasema ana Imana. Akifiwa ananyamaza. Neno lile sikuwahi kumsikia akilitumia msibani. Nilikueleza hivyo pale chumbani kwetu Miyuji, Ijumaa moja ambayo hatukuwa na kazi, wewe unapiga pasi kanzu yako juu ya ndoo iliyofunikwa blanketi, na ukaiacha pasi ya mkaa ikae mpaka kanzu ikaanza kunuka. Ulipenda sana mambo ya maneno. Kama ungesoma zaidi ungekuwa mwalimu, na ungekuwa hai.

Uliniambia mwalimu wenu wa madrasa aliwafundisha kwamba kadari ni neno lililokuja na dini kutoka Uarabuni, na shina lake ni kupima. "Kadari, kadiri, makadirio, wote tumbo moja," ulisema. Ukaniambia hata ule usiku mkubwa wa Ramadhani, Lailatul Kadri, umetoka humo humo, ndiyo maana watu wanakesha, mwaka mzima wa mtu unapimwa. Nikakuuliza, sasa Mungu wenu ni fundi? Ukacheka mpaka ukakaa chini. "Ni fundi, mwisho wa reli. Ana futi kamba yake." Tangu siku nilipokuambia nilipandia treni Kigoma hukuniita Sadoki tena, ikawa mwisho wa reli tu, mbele ya watu na peke yetu.

Siku ile ulikuwa huzimiki. Mwenye nyumba wetu alikuwa na watoto wawili, Majaliwa na Nasibu, na ukawaita dirishani ukawaeleza majina yao kama shehe: wewe Majaliwa ni yule tuliyejaaliwa, wewe Nasibu ni fungu la mtu, lile analokatiwa. Bahati ukasema imetokea kwa Waajemi. Na ajali, ukasema, kwa Waarabu ni muda uliowekwa, mwisho wa mtu uliopangwa, lakini sisi tumewapa madereva na trafiki. Wale watoto wakakuuliza, "Na Sadoki je?" Ukawaambia, "Hilo ni jina la mtu wa kusukuma toroli." Wakaliimba wiki nzima.

Nikakuuliza jambo moja ambalo sijalisahau. Nikasema, kama kila kitu kimeshapimwa, mbona sisi tukifika kwenye shamba la mtu unanusa udongo, unaangalia mti upi umeota wapi, unapiga hesabu za futi, unasumbuka? Hukucheka hapo. Ukasema mwalimu wenu aliwahi kuulizwa hivyo hivyo na mwanafunzi, na akajibu kwamba kadari ya jambo huijui mpaka jambo limeshapita, kwa hiyo kabla halijapita kazi yako ni kufanya kama huna kadari yoyote. Kisha ukarudi kwenye kanzu yako.

Iddi, kwa nini hukufanya hivyo?

Siku yako ya mwisho nakueleza wewe kwa sababu sijapata mtu wa kumweleza mpaka mwisho. Kila ninapoanza, wananikatisha.

Tulikuwa tumefika kwenye maji. Unakumbuka yule mzee mwenye shamba, tulipopandisha tope la kwanza lililolowa, alivyochovya kidole akakilamba, akaita wake zake waje nao walambe. Maji yakawa yanaingia haraka kuliko tunavyochimba. Wewe ulitaka tuyatoe kwa ndoo. Mathayo akasema, "Tutapiga ndoo mpaka Krismasi?" Akaileta ile pampu yake ya petroli. Pampu ile haivuti maji kutoka mbali, ukiiweka juu inanguruma bure. Tukaiteremsha kwa kamba, tukaikalisha juu ya mbao kule chini, karibu na maji. Ni kitu kinachotoa moshi kama pikipiki. Na hakuna mtu kwenye timu yetu angekubali kulala chumbani na pikipiki inayonguruma, mlango umefungwa. Lakini kisima tulikiona kiko wazi juu, jua linaingia mpaka chini, tukadhani na hewa inaingia hivyo hivyo. Ndivyo tulivyofanya siku zote. Ndivyo wachimbaji wote tunaowajua wanavyofanya.

Ikanguruma asubuhi nzima, kisha ikazimika. Mathayo akasema, "Iddi, shuka ukaiamshe." Nilikuwa nimeshika kamba nikufunge kiunoni. Ukasema, "Dakika moja tu, mwisho wa reli. Kabla hujamaliza fundo nimesharudi." Ukashuka kwa vile vitundu vya kukanyagia ukutani, haraka, kama mjusi, bila kamba. Nilikuwa nakutazama. Uliweka mkono juu ya pampu. Kisha ukakaa. Hukuanguka, Iddi, ulikaa, kama mtu aliyetoka safari, ukaegemeza kichwa ukutani, na mimi nikadhani ni utani wako. Nikakuambia acha mchezo. Nikakuambia tena. Ndipo ukateleza ukaingia kwenye maji, na maji yenyewe hayakufika hata magotini.

Nilitaka kukufuata. Hilo ulijue. Wawili walinishika, mmoja kiunoni na mmoja shati, shati likachanika lote mgongoni. Walifanya vizuri kunishika. Ningeshuka tungekuwa makaburi mawili. Najua hivyo, nalala nikijua hivyo, naamka nikijua hivyo, na hainisaidii.

Nina hasira na Mathayo. Nina hasira na wewe pia, nikuambie ukweli. Mtu aliyejua neno linatoka wapi na linakwenda wapi, ukashuka kama mtu asiyejua lolote.

Basi. Ikafika arobaini yako.

Mathayo alikuja na gari, akatubeba sisi wa timu kwenda Kondoa. Njiani alinikalisha mbele karibu naye. Akasema, "Sadoki, wewe ndiye utakayeulizwa. Wale ni watu wa dini. Wape neno lao, usiwachanganye na mambo ya mashine." Tulipita Haneti. Kutoka barabarani kisima chako hakionekani, lakini wote tuligeuza shingo.

Baada ya dua na chakula, baba yako mkubwa alisimama uani akauliza kama desturi yenu ilivyo: nani alikuwa na marehemu mwisho, aieleze familia safari yake. Nikasimama. Wanaume mkekani, wanawake upande wa jikoni, mama yako mlangoni amejifunika khanga mpaka machoni. Nikawasalimu. Nikawaeleza ulivyoamka siku ile vizuri, ulivyoswali, ulivyokunywa uji, wakawa wanaitikia. Nikasema, tukateremsha pampu, na pampu ile inatoa moshi, na moshi unajaa kisimani kama kwenye chupa. Baba yako mkubwa akainua mkono. Hakuwa mkali. Akasema, "Ahsante kijana. Moshi ni sababu tu. Kila mtu huletewa sababu yake. Ni kadari." Wote wakaitikia. Nikabaki nimesimama, sentensi iko mdomoni, mpaka mtu akanivuta shati nikakaa.

Sikuwa na ugomvi na dini yenu. Najua ni nguzo, kuamini kadari, heri yake na shari yake, wewe mwenyewe ulinihesabia nguzo zote kwa vidole. Lakini Mathayo naye alikuwa ameketi pale mkekani, hana dini hiyo wala nyingine, na ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni mama yako aliniita karibu na mafiga. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba mwanangu," akaniuliza kama ulikuwa umekula vizuri siku zile. Nikaona hapa ndipo pa kumaliza. Nikasema, mama, pale mkekani sikumaliza. Akaniwekea kiganja mkononi. Akasema, "Sadoki, nilichobakiwa nacho ni hicho. Nikisema ni kadari, nalala. Nikisema ni pampu, nitaamka kila asubuhi kumchukia mtu, na sina nguvu hizo tena. Niachie." Nikamwachia. Ungefanya nini wewe? Nilikula wali wake.

Kesho yake tunaondoka, naona mdogo wako Shabani anatupa begi kwenye gari la Mathayo.

Nilidhani anakuja mjini kutafuta mambo yake. Kumbe wameshazungumza. Anakuja kuchukua nafasi yako. Wazee walimbariki, mama yako alimfungia vitumbua. Nikamwuliza mmoja wa wajomba zenu, taratibu, hamwogopi? Akanishangaa. "Tuogope nini? Ya Iddi ilikuwa ya Iddi."

Anafanana na wewe kwa nyuma. Akiinama kuchota udongo, mgongo ni wako. Lakini yeye haongei sana, na utani wake ni wa chini chini, unamkuta mtu baadaye akiwa amelala. Aliniita kaka siku ya kwanza na bado ananiita kaka. Anafanya kazi kuliko ulivyofanya, samahani.

Kisima hiki cha Chamwino ni cha mama mmoja anayelima mboga, tunamwita Mama Neema. Ardhi yake ni ngumu juu, laini chini. Tulipofika kwenye maji, Mathayo akaileta pampu. Ile ile, Iddi. Ameipaka rangi mpya.

Nikasema mimi siiteremshi. Nilisema mbele ya wote. Nikasema tupige ndoo, nitavuta mimi mchana kutwa, sitaomba mtu anipokee. Mathayo akaweka mikono kiunoni. "Sadoki, wewe umekuwa injinia lini?" Watu wakacheka. Nikasema ile iliua mtu. Akasema, "Mtu aliuawa na kadari yake, na mama yake mzazi amekubali. Wewe unamzidi mama yake uchungu? Kama unaogopa, shika njia, barabara ya lami iko pale." Nikamgeukia Shabani. Nikamwambia, mdogo wangu, usishuke. Alikuwa ameshavua viatu. Akasema kwa upole kabisa, "Kaka, kama siku yangu imefika, hata kitandani nitakufa." Akashuka, kwa vitundu, bila kamba. Kama wewe.

Nilikaa pale barabarani kwenye lami. Sikuweza kwenda wala kurudi. Nilikuwa nasikia pampu. Ikanyamaza. Nikahesabu pumzi zangu mwenyewe. Ikanguruma tena, na jioni nikamwona Shabani anatoka, mzima, matope mpaka kwenye nyusi, anakohoa kidogo tu, anacheka. Mathayo akaniita kwa mbali, "Umeona, injinia?"

Nilishukuru Mungu. Kisha nikaelewa kilichotokea. Ule uzima wake ndio ulionishinda. Kama angeumia kidogo, wangenisikiliza. Sasa kila siku anayotoka mzima, neno lao linapata nguvu, na langu linaonekana uoga wa Muha. Na siku asipotoka, watasema ilikuwa imepimwa. Nitawashindaje watu wa namna hiyo? Akiishi wamesema kweli, akifa wamesema kweli.

Nikapanda basi nikaenda kwa mama yako. Usinikasirikie. Nilijua nimeahidi kumwachia.

Nilimkuta anapeta mtama. Nikamwambia, mama, sikuja kwa ajili ya Iddi. Nikamwambia yote, tangu mbao za kuikalisha pampu mpaka rangi mpya. Safari hii hakunigusa mkono. Alisikiliza mpaka mwisho, ni mtu wa kwanza kunisikiliza mpaka mwisho, na ungo ulikuwa umetulia magotini. Kuku wakaja wakala mtama ungoni, hakuwafukuza. Kisha akasema, "Ya Iddi nimeshaipokea. Usiniguse nayo. Ya Shabani hakuna aliyeniletea bado."

Akaomba simu. Akampigia. "Shabani, toka kwenye shimo hilo." Nilimsikia Shabani anajibu, "Ndiyo mama. Nimetoka mama." Na kweli alikuwa ametoka, ilikuwa saa ya kula. Mama akanirudishia simu, akanitazama kama mtu aliyelipa kilicho chake chote, nikamshukuru, nikarudi njia nzima naimba moyoni.

Asubuhi iliyofuata Shabani alishuka.

Nilimsubiri jioni kwenye bomba la kunawia. Nikamwambia umemdanganya mama. Akanawa uso taratibu. "Nyumbani kuna nini, kaka? Umeuona mtama wetu. Nirudi nikae nautazama? Na wewe mbona hukubaki kwenu?" Ningekuwa na jibu ningekuwa Kasulu miaka mingi iliyopita, nina ng'ombe wawili na watoto wananiita baba. Tumetoka mbali wote kuja kuchimba ardhi ya watu wengine, tunatafuta maji ambayo hatutayanywa. Nilikuwa nimeshafunga mzigo wangu Miyuji, nimeshaulizia treni. Mwenye nyumba ameshaonyesha watu chumba chetu. Kitanda chako nilimpa Nasibu.

Sikupanda treni. Nilirudi kwa Mathayo, Iddi. Hili ndilo nililotaka ulisikie kwangu.

Nilimkuta kisimani na wote wapo, na Mama Neema amekuja na chai. Nikasema naomba kazi. Akasema kazi ya kuchimba haipo. Nikasema sitaki kuchimba, nataka kamba. Unajua kazi ya kamba, ni ya chini kuliko zote, ya wazee na wagonjwa: kufunga ndoo, kuvuta, kumfunga anayeshuka, kumpandisha. Akanitazama sana. Akasema, "Maneno yako yamenifukuzia watu wawili waliotaka visima. Unataka kamba? Sema hapa, mbele yao, mbele ya Mama Neema. Iddi aliuawa na nini?"

Shabani alikuwa amekaa kwenye ukingo, miguu inaning'inia ndani.

Nikasema, kadari.

"Sema vizuri, wasikie."

Nikasema, Iddi alikufa kwa kadari ya Mungu.

Mathayo akanirushia kamba. Mama Neema akanimiminia chai. Na Shabani aliinuka pale, akaja akanikumbatia, Iddi, kwa furaha kabisa, kama mtu aliyempata ndugu aliyekuwa amepotea. Akasema, "Afadhali kaka. Sasa na wewe utalala." Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, hata kuliko neno lenyewe. Nilikunywa chai ile ikapita kama mchanga.

Sasa nakuambia ninachofanya. Vile vitundu vya kukanyagia ukutani nimeviziba vyote. Kuta za juu zinajengwa matofali, Mathayo anadhani napiga lipu kwa uzuri, alinisifu. Hakuna tena wa kushuka kama mjusi. Anayetaka kwenda chini ni lazima afungwe na mimi, na anayefungwa na mimi anafungwa kiunoni na kifuani. Pampu ikizimika, kamba yangu inakuwa na matatizo. Mara imejikunja, mara fundo limekaza, mara nakwenda kukojoa nayo begani. Mathayo anatukana. "Mzee wa kamba, umezeeka ghafla?" Nami nazeeka hivyo hivyo mpaka moshi upungue. Kisha naning'iniza matawi ya mti, nayapandisha na kuyashusha, kupeperusha hewa. Wanadhani ni uchawi wa kwetu. Nimewaacha wadhani.

Lakini usidhani nimeshinda. Hiki ni kisima kimoja. Hapa Chamwino peke yake nasikia timu nyingine zinachimba, mji unakua, kila mwenye kiwanja anataka maji, na kila timu ina pampu yake na Mathayo wake. Siwezi kushika kamba zote. Kiuno kinaniuma. Siku nikiugua malaria, nani atakuwa na fundo lililokaza? Asubuhi naamka nimechoka kabla sijagusa kitu. Kuna wakati naangalia ule mviringo mweusi pale chini na naona ingekuwa nafuu kuamini kama wao, nikaachia mikono ikapumzika. Lingekuwa neno zuri sana, Iddi, lingekuwa kama godoro. Nalielewa kabisa kwa nini mama yako hataki kulitoa chini yake.

Jua limeinama. Nawaona kwa mbali wanarudi kutoka mnadani, Shabani yuko mbele, amebeba kitu kwenye mfuko, bila shaka nyama yangu. Lazima nimalize.

Ardhi ya kwenu isikubane, ndugu yangu. Ulichimba ya watu wengi, nayo ikupe nafasi. Sina sala ya dini yako na yangu nimeshaisema nyingi, kwa hiyo pokea hii karatasi.

Kwao nimesema kadari, na wakitaka nitasema tena, hata kila asubuhi kabla ya chai, ilimradi kamba iwe mikononi mwangu. Kwako sitalisema kamwe. Wewe ulikufa kwa moshi wa pampu, mchana kweupe, mzima wa afya, na tungeweza kukizuia kifo hicho kwa ndoo na subira. Na hili nakuahidi: kesho wanaiwasha tena, na Shabani atashuka, maana sijapata wa kumzuia. Lakini nikiona amekaa chini hivi, hata kama anapumzika, hata kama ni utani, sitamwita. Nitavuta.

Nduguyo,
Sadoki